Kupeana Zawadi za Fedha Si Biashara

Mpango wa kupeana zawadi za fedha si biashara, hata wanachama wake wauite hivyo mara ngapi. Biashara huuza kitu: unga, viatu, safari ya basi, ufundi wa kushona. Mteja huondoka na alichonunua, wala muuzaji halazimiki kumgeuza mteja huyo kuwa muuzaji ndipo apate faida. Katika mpango wa zawadi hakuna bidhaa wala huduma. Kinachozunguka ni fedha za waliochelewa kuingia, zikiishia kwa waliotangulia.

Ushahidi mzuri ni "meza za zawadi" zilizoenea miongoni mwa wanawake wa jimbo la Connecticut, Marekani, kuanzia mwaka 2008. Kila meza ilikuwa na watu 15 waliopangwa kama mlo: wanane wa kianzio, wanne wa supu na saladi, wawili wa mlo mkuu, na mmoja wa kitindamlo. Aliyeingia alitoa dola 5,000. Wanane walipotimia, wa kitindamlo aliondoka na dola 40,000, meza ikagawanyika sehemu mbili, na msako wa wageni ukaanza upya. Ili wale wanane wote walipwe dola 40,000 zao, wanatakiwa wapya 64 wa kuwalipa. Hao 64 wanahitaji 512, na hao 4,096, kisha 32,768, idadi inayozidi wakazi wote wa Guilford, mojawapo ya miji ambako meza hizo zilishamiri.

Watetezi wana hoja mbili, na moja huiua nyingine. Kwa mtoza kodi, hiyo ni zawadi. Kwa jirani anayeshawishiwa, ni fursa ya kipato. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaeleza mwaka 1960, katika kesi ya Duberstein, kwamba zawadi kwa mujibu wa sheria ya kodi hutoka katika ukarimu usiotazamia malipo. Nani alitoa dola 5,000 bila kuzikodolea macho zile 40,000? Mwaka 2013 waandaaji wawili wa Connecticut walifungwa, mmoja miaka sita, mwingine minne na nusu, kwa ulaghai na makosa ya kodi.

Wengine husema mambo haya ni yale yale ya mchezo wa kina mama. Huko ni kuusingizia mchezo. Watu kumi wakichanga shilingi 20,000 kila wiki, kila mmoja hupokea 200,000 zamu yake ikifika, na wiki ya kumi hesabu imefungwa bila kuhitaji mgeni hata mmoja. DECI, taasisi ya Tanzania ambayo wanachama wake "walipanda mbegu" wakingoja "mavuno", haikuwa na wiki ya kumi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ikawatia hatiani viongozi wake wanne, wachungaji wa kanisa, kwa kuendesha upatu haramu na kupokea amana za umma bila leseni.