Kolwezi: muuguzi anaamua peke yake, shule inamtayarisha namna gani?

Katika Kolwezi, mgonjwa hakutani na daktari kwanza. Anakutana na muuguzi. Iwe Manika, iwe Dilala, iwe kwenye kituo cha afya kando ya barabara ya Fungurume ao ya Mutshatsha, mtu wa koti nyeupe ambaye watu wanamwita "docta" mara nyingi amesoma uuguzi. Serkali yenyewe ilipanga hivyo. Nchi imegawanyika katika zone za afya 519, jimbo la Lualaba liko na 14, na ndani ya kila zone vituo vya afya vinaongozwa na wauguzi. Mkubwa wa kituo anaitwa "infirmier titulaire", kwa kifupi IT. Daktari yuko kwenye hospitali kubwa. Saa nane ya usiku, wakati barabara imejaa malori ya shaba na simu inakataa, ni IT ao mwenzake wa zamu ndiye anaamua: mgonjwa apewe dawa alale hapa, ao atumwe Mwangeji?

Ndiyo sababu namna wauguzi wanavyofundishwa inamhusu kila mzazi wa Lualaba, hata yule ambaye hana mtoto kwenye shule hizo.

Shule zenyewe ziko za aina mbili. Kuna ITM, ambako kijana anasoma uuguzi kwenye kiwango cha sekondari na kutoka A2, chini ya wizara ya Afya. Kiisha kuna ISTM, ya masomo ya juu, chini ya wizara ya Elimu ya Juu, ambako walikuwa wanatoka A1 na A0 mbele ya mfumo wa LMD kuanza mwaka wa masomo 2021-2022. Programu ya A2 nayo ilibadilishwa tangu miaka ya 2000: mwanafunzi apimwe kwa kile anachoweza kufanya, isiwe tu kile anachokumbuka. Kwenye karatasi ni programu nzuri. Darasani, mwalimu anasoma, wanafunzi wanaandika, sababu vitabu ni kidogo na watu ni mingi. Kwenye mtihani swali linakuja: "Eleza maana ya malaria." Aliyeshika daftari kwa kichwa anapata 18 juu ya 20.

Kiisha anafika kituoni. Mama anaingia na mtoto mgongoni. "Docta, mutoto iko na moto tangu jana." Kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Muuguzi aliyezoea kukumbuka tu anaandika "malaria", anatoa dawa, anaita mwingine. Yule aliyefundishwa kufikiri anamwambia mama avue mtoto shati, anaangalia saa, anahesabu pumzi dakika moja nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 na zaidi kwa dakika ni hatari. Kwa mtoto wa mwaka 1 mpaka miaka 5, ni 40 na zaidi. Anaangalia kama kifua kinaingia ndani wakati mtoto anavuta pumzi. Anauliza kama ananyonya, kama anatapika kila kitu, kama alishikwa na degedege, kama analala sana hata kuamshwa ni shida. Hapa malaria ni ya kila siku, na mtoto anaweza kuwa na vidudu vya malaria katika damu huku kinachomuua ni mapafu. Kipimo kimesema kweli, lakini hakikusema yote. Kuhesabu pumzi kunaomba paka saa ya mkono.

Christine Tanner, mwalimu wa uuguzi wa Oregon huko Marekani, aliandika mwaka 2006 kwamba muuguzi mzuri anafanya mambo manne: anatambua kwamba kuna kitu, anatafuta maana yake, anatenda, kiisha anarudi kuangalia uamuzi wake mwenyewe. Hilo la ine ndilo linapotea kwenye staji. Mwanafunzi anapima tansiyo, anatundika serumu, anajaza fishi, saa inafika, anaenda nyumbani. Hakuna aliyemuuliza: "Juzi ulifikiri ni malaria. Leo mtoto ni mbaya zaidi. Ulikosa kuona nini?"

Kongo iko na sababu yake ya kuchukua swali hilo kwa uzito. Mwisho wa mwezi wa 8 mwaka 1976, mwalimu mmoja wa shule alifika na homa kwenye hospitali ya misioni ya Yambuku, katika Équateur ya wakati ule. Daktari hakuwapo. Walifikiri malaria, wakamtoboa sindano ya klorokini. Homa ilishuka, kiisha ikarudi. Kila asubuhi wagonjwa wa nje walikuwa wanatumiwa sindano tano hivi kwa wote, zinasafishwa katika maji ya moto tu. Ilikuwa Ebola, ugonjwa ambao dunia haikuwa na jina lake bado. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa. Hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kutojua Ebola. Lakini homa isiyofuata njia yake ya kawaida, na wagonjwa wanaoongezeka kati ya wale waliopigwa sindano palepale, hayo ni mambo ambayo jicho lililofundishwa linaweza kuyaona hata bila laboratwari.

Kwa Lualaba, kuna swali moja ambalo lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa kila chumba cha mashauri: "Unafanya kazi gani?" Kwenye fishi linajibiwa haraka. "Débrouillard", basi. Lakini débrouillard huyo anaweza kuwa anashuka katika shimo kila siku na kuvuta vumbi la mawe. Vumbi hilo linaharibu mapafu na kumfungulia kifua kikuu mlango. Kama anakohoa zaidi ya wiki mbili na hakuna aliyemuuliza kazi yake, atapewa siro ya kifua mara tatu, na huku nyumbani analala na watoto katika chumba kimoja. Mambo haya yamechunguzwa papa hapa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba wakaaji wa Kasulo, zaidi sana watoto, walikuwa na kobalti nyingi katika mkojo na damu. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine uliofanywa Lubumbashi ulionyesha kwamba baba anayefanya kazi katika mgodi wa shaba na kobalti ana hatari kubwa zaidi ya kupata mtoto mwenye kilema cha kuzaliwa.

Kuuliza ni rahisi. Kupata jibu la kweli ni jambo lingine.

Tarehe 27 mwezi wa 6 mwaka 2019, udongo uliporomoka katika mgodi wa KCC na kuua wachimbaji wasiopungua 43, waliokuwa wameingia katika konsesyo bila ruhusa. Mtu anayeponyoka ajali ya namna ile ana sababu ya kuogopa. Akifika kituoni atasema: "Nilianguka na moto." Muuguzi anayeamini pikipiki anatafuta mfupa uliovunjika. Anayejua kwamba mguu ulibanwa chini ya mawe saa mingi anatafuta kitu kingine: nyama iliyobanwa inakufa, uzito ukitolewa sumu inaingia katika damu, mkojo unageuka mweusi kama chai kali, figo zinafunga, hata moyo unaweza kusimama. Mgonjwa huyo anahitaji serumu mapema na safari ya haraka, hata kama anasema anajisikia vizuri.

Hapo ndipo shule inakosea kutenga masomo mawili. Maadili ya kazi yanafundishwa siku moja, ugonjwa unafundishwa siku nyingine, na mwanafunzi anafikiri siri ya mgonjwa ni adabu tu, kama kusalimia wazee. Kumbe mchimbaji atasema ukweli wa mguu wake kama anajua ukweli huo hautatoka nje. Siri ni sehemu ya uchunguzi. Sheria nayo iko wazi: kifungu 73 cha kanuni ya adhabu ya Kongo kinamwadhibu mtu anayetoa siri aliyopewa kwa sababu ya kazi yake, isipokuwa anapoitwa kutoa ushuhuda mbele ya sheria ao sheria inapomlazimisha. Mlinzi wa sosiete anayekuja kuomba majina ya waliotibiwa usiku si tribinali. Je, muuguzi wa miaka 23, mgeni kwenye kituo, amefanya mazoezi ya kumwambia hivyo bila kugombana? Na kama aliyeumia ni kijana wa miaka 15, aliyeletwa na wenzake, wazazi hawajulikani wako wapi, nani anakubali operesheni?

Feza inazidi kufunga fundo. Sheria inamwadhibu anayeacha mtu katika hatari ya kifo huku angeweza kumsaidia, lakini kesha ya kituo ndiyo inalipa watu. Wauguzi wengi wa serkali wanangoja mshahara ambao haufiki, wanaishi kwa sehemu ya mapato ya kituo. Katika hali hiyo, sindano na serumu zinaingiza kuliko shauri zuri. Mgonjwa mwenyewe anaomba: "Munipike shindano." Somo la maadili linalosema tu "muuguzi awe mwema" halimsaidii mtu huyu. Linalomsaidia ni kufundishwa kujiuliza kila mara: dawa hii ni ya mgonjwa ao ni ya kesha?

Dawa ya shida hii haiombi majengo. Msimamizi wa staji anaweza kuchukua dakika kumi na tano mwisho wa zamu, aeleze kwa sauti namna alivyofikiri, na mahali alipokosea. Chama cha taifa cha wauguzi, kilichoundwa na sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016, kinaweza kukusanya visa vya kweli, bila majina, na kuvipeleka mashuleni. Na mtihani unaweza kuuliza jambo lingine kuliko maana ya malaria. Kwa mfano: ni saa saba usiku, uko peke yako, mwanaume wa miaka 30 hivi amebebwa na wenzake, anasema alianguka na pikipiki, lakini nguo zake zimejaa udongo mwekundu na mkojo wake ni mweusi, hana feza, mtu mwenye uniforme ya ulinzi anagonga mlango. Unaanza na nini, na kwa sababu gani?