Mkono Uponyao na Jicho Liualo



Kila mwaka, pamba ikiisha kupimwa na fedha zikiwa nyumbani, nchi yetu ya Bariadi hupata wageni wengi. Huja wauza vitenge, huja wauza baiskeli na redio, na siku hizi huja pia watu ambao sisi twawaita wauza mikono. Twawaita hivyo kwa kuwa hawachukui mizizi wala chupa za dawa. Bidhaa yao ni viganja vyao. Mgonjwa hulazwa mkekani au huketishwa kitini, nao hupitisha mikono juu ya mwili wake, pengine wakimgusa, pengine bila kumgusa, wakisema kwamba wanamtia nguvu isiyoonekana, au kwamba wanaifungua njia ya nguvu iliyoziba. Kisha mgonjwa hufungua kibindo.

Watu hao si wa namna moja. Wako wajiitao wataalamu wa tiba ya nishati, waliookota maneno yao katika simu. Wako bafumu wa siku zote, waliobadili maneno bila kubadili kazi. Tena wako, nasi twaona haya kulisema, washikao Biblia kwa mkono mmoja na kupokea noti kwa mkono wa pili, wakiuza kuwekewa mikono kama mtu auzavyo chumvi. Neno letu leo ni kwa wote watatu, na kwa sisi tuwafuatao. Twasema kwamba mkono wa binadamu una faida kubwa kwa mgonjwa, lakini ile nguvu ya siri inayouzwa haiko. Na kuisadiki si jambo dogo, maana katika nchi hii imani hiyo ina ndugu yake, naye huua.

Kwanza yatupasa kuwajibu wale wenzetu wa kanisani wasemao kwamba kuchuliwa mwili ni uganga. Bidii yao ni njema, lakini wamekosea. Mtu aliyepalilia kutwa nzima mgongo wake hukakamaa kama ubao. Akichuliwa kwa mafuta na mkono wenye subira, misuli hulegea, moyo hutulia, na usingizi huja. Mama aliyejifungua hukandwa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Mzee mwenye maumivu ya magoti husuguliwa na mjukuu wake jioni. Hapana uganga hapo. Tena mtu aliye katika hofu au msiba, akishikwa mkono tu na mwenzake, hutulia kuliko aambiwapo maneno mengi. Bwana wetu mwenyewe aliwagusa wenye ukoma ambao kila mtu aliwakimbia, na yule Msamaria mwema hakusimama mbali kumwombea aliyejeruhiwa, bali alimwinamia na kumfunga vidonda.

Wala hayo si mapokeo ya wazee tu. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Kolombia, tabibu Edgar Rey aliona kwamba watoto waliozaliwa kabla ya siku zao walikuwa wengi, na vifaa vya kuwatia joto vilikuwa vichache. Akaanza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Miaka mingi baadaye Shirika la Afya Duniani lilipima jambo hilo katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria, na Tanzania yetu. Walitazamwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa tangu kilo 1 hata chini kidogo ya kilo 1.8. Wengine waliwekwa vifuani mapema baada ya kuzaliwa. Wengine walingoja, kama ilivyokuwa desturi, mpaka hali zao zitulie. Habari ilipotolewa mwaka 2021 ilionekana kwamba katika kila watoto 100 waliowekwa vifuani mapema walikufa 12 katika siku 28 za kwanza, na katika kila 100 wa wale wengine walikufa karibu 16.

Angalieni, wasomaji. Huo ndio mguso uliopimwa ukaonekana kuwa kweli. Hapakuwa na nguvu ya siri iliyouzwa pale. Palikuwa na kifua cha mama, maziwa yake, na wauguzi wasiolala. Tena mambo hayo yalifanyika ndani ya hospitali, wala si badala ya hospitali.

Sasa tuitazame hiyo nguvu inayouzwa. Wauzaji husema ni maarifa mapya, au husema ni maarifa ya kale mno, kama wanunuzi wapendavyo. Ukweli ni kwamba jambo hili limekwisha kupimwa zaidi ya mara moja. Karne ya 18 huko Paris alikuwako tabibu jina lake Franz Anton Mesmer, aliyefundisha kwamba kuna maji-maji yasiyoonekana yapitayo katika miili yote, na kwamba yeye aweza kuyaongoza kwa mikono yake. Watu walimwendea makundi kwa makundi. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa akaweka baraza la wataalamu, mmoja wao Benjamin Franklin wa Marekani, wapeleleze. Mwanafunzi mmoja wa Mesmer aliutia mti mmoja bustanini nguvu hiyo, kisha kijana wa miaka 12 akaletwa, macho yamefungwa, apitishwe penye miti ile. Kijana alizimia kweli. Lakini alizimia penye mti ambao haukutiwa kitu. Baraza likakata shauri kwamba kilichomwangusha ni mawazo yake mwenyewe.

Elimu nyingine ya namna hii, iitwayo reiki, ilianzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Na mwaka 1972 huko Marekani Dolores Krieger, mwalimu wa wauguzi, pamoja na Dora Kunz, walianzisha tiba ambayo wafuasi wake husema waweza kuisikia kwa viganja nguvu iuzungukayo mwili wa mtu, hata bila kumgusa. Aliyewapima hakuwa profesa. Alikuwa msichana wa miaka tisa, jina lake Emily Rosa. Aliweka kizuizi mezani, wataalamu wakapitisha mikono yao chini yake wasimwone. Naye akauweka mkono wake juu ya mmoja wa mikono yao, wa kuume au wa kushoto, kama sarafu ilivyoanguka. Akauliza: mkono wangu uko juu ya upi? Wataalamu 21 walijaribiwa mara 280, wakajibu sawasawa mara 123. Mtu asiyejua lolote, akikisia tu, angepata kama 140. Habari hiyo ilichapwa katika jarida la madaktari wa Marekani mwaka 1998. Basi ikiwa hawaisikii hata pale mkono ulipo, wataifunguaje pale ilipoziba?

Najua wako watakaotujibu: Lakini mimi nilipata nafuu! Ndugu, hatukukatalii. Ulilala mahali penye utulivu, mtu akakusikiliza saa nzima, akakushughulikia kwa upole, nawe ukapumzika. Hayo yote ni dawa ya uchovu na ya hofu. Tena maumivu mengi hupungua yenyewe siku zikipita. Ulichopata ni kweli; ulichoambiwa juu yake ndicho uongo. Nasi twakuuliza: jambo ambalo dada yako angekufanyia bure nyumbani, kwa nini umelilipia gunia la mpunga?

Hata hivyo, kama hasara ingekuwa fedha tu, tungenyamaza. Sikilizeni yaliyotokea karibu nasi. Jirani yetu, mama wa watoto wanne, aliona uvimbe katika titi lake. Muuza mikono mmoja akamwambia kwamba nishati yake imeziba upande wa kushoto. Akapitishiwa mikono juma baada ya juma, tangu pamba ilipouzwa hata mvua zikaanza. Siku za kwanza alisema anaona nafuu, nasi tulimsadiki. Lakini uvimbe uliendelea kukua. Ndipo yule mtu alipoulizwa akajibu kwamba nguvu yake yapingwa na nguvu nyingine, nayo yatoka kwa mtu wa karibu, mwenye umri, aingiaye nyumba ile bila kupiga hodi.

Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja. Aliyeingia pale bila hodi alikuwa mama mkwe, ambaye kila jioni alimkanda mgonjwa miguu wala hakudai hata senti moja. Usiku ule ule maneno yakaanza uani. Methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako ikageuzwa kuwa panga. Wazee wa kanisa waliingia kati, na bibi yule akapelekwa kwa binti yake huko Maswa, akiwa hai, tunamshukuru Mungu. Mama mgonjwa alifika hospitali amechelewa mno. Tulimzika kabla palizi haijaisha, na mkono uliomkanda miguu haukuwapo kumwosha.

Wasomaji, yule muuza mikono hakuyatoa maneno yale kwa ukali wa moyo tu. Mafundisho yake mwenyewe ndiyo yaliyomfikisha pale. Tabibu wa kweli dawa ikishindwa husema: tutafute dawa nyingine, au: nimekosea ugonjwa. Lakini mwenye nguvu ya siri, nguvu ikishindwa, hana budi kutafuta adui mwenye nguvu kama yake. Nasi tulioisadiki nguvu ya kwanza, twaikanaje ya pili? Kama kiganja chaweza kuponya bila kugusa, kwa nini jicho lisiweze kuua bila kugusa? Aliyenunua lile la kwanza amekwisha kubeba na la pili katika kapu lile lile. Mfumu na mlogi ni pande mbili za sarafu moja, na wanaolipa ni bibi zetu.

Nasi Wasukuma twaijua bei yake. Kamati ya serikali ilihesabu watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984 kwa ajili ya mambo ya uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa waliuawa katika Usukuma. Mkoa wetu wa Simiyu haukuwako siku hizo, maana ulianzishwa mwaka 2012; lakini vijiji vilikuwako, na makaburi yako. Mara nyingi ushahidi uliotajwa ulikuwa macho mekundu. Macho ya bibi yasiweje mekundu, hali amepika maisha yake yote katika nyumba isiyo na dirisha, akipuliza moto wa samadi kavu kwa kuwa kuni ni chache? Mwezi Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku waganga wapiga ramli, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Marufuku hiyo ilikuwa jambo jema. Lakini askari hawezi kuingia moyoni mwa mtu kuitoa imani aliyoinunua.

Na ninyi mtumiao Maandiko kuwa kibanda cha biashara, yasomeni tena. Naamani Mshami alikasirika kwa sababu nabii Elisha hakutoka kumpungia mkono juu ya ukoma wake. Akaambiwa akaoge tu mtoni. Alipopona alileta zawadi nyingi, na nabii akazikataa zote. Gehazi mtumishi ndiye aliyemkimbilia na kuzipokea, naye akaupata ukoma ule. Tena Simoni wa Samaria alipoona mitume wakiweka mikono, alileta fedha apate kuinunua kazi hiyo, na Petro akamkemea kwa ukali. Mwenye kuomba kwa ajili ya mgonjwa na aombe, lakini bila kutoza kiingilio, wala asimwambie mgonjwa aache vidonge vyake.

Basi tufanye nini? Tuichukue tena mikono yetu wenyewe. Mchueni mgongo mtu aliyechoka, mkandeni mgonjwa, mshikeni mkono mfiwa. Lakini msichue mfupa uliovunjika, wala tumbo la mjamzito, wala uvimbe msioujua, wala mguu mmoja uliovimba ghafula. Mtoto mwenye homa kali au mwenye degedege hana haja ya kukandwa kwanza. Apelekwe kituo cha afya mara moja. Mtu akija kuwaganga, kumbukeni kwamba sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala yamtaka awe ameandikishwa. Mwombeni cheti chake. Hata hivyo cheti si ushuhuda kwamba nguvu asemayo iko. Na yeyote, awe na cheti au asiwe nacho, awe na joho au asiwe nalo, akianza kusema juu ya adui wa karibu, ondokeni hapo siku ile ile, mkawaambie wazee na polisi.

Jambo la mwisho twaliomba kwa kila nyumba ya Kikristo. Jumapili hii, ibada ikiisha, nendeni kwa yule bibi akaaye peke yake pembeni ya kijiji, yule ambaye watoto hukatazwa kupita mlangoni pake. Ketini naye. Toboeni dirisha katika jiko lake, moshi upate kutoka. Mshikeni mikono, watoto wakiona. Mikono hiyo ndiyo iliyotupokea wengi wetu siku tulipozaliwa, ikatukanda, na haikutudai kitu.