IGUNGA IMETUFUNDISHA: UBUNGE SIO TAWI LA KAMPUNI



Julai 2011 Rostam Aziz alikutana na wazee wa Igunga akawaambia anaachia ubunge na vyeo vyake CCM. Sababu? Kachoshwa na "siasa uchwara", anarudi kwenye biashara zake.

Tusidanganyane. Kujiuzulu ni haki yake. Na hatusemi mfanyabiashara asigombee. Mama lishe naye ni mfanyabiashara, tunamtaka bungeni. Swali letu ni hili: una hisa kwenye kampuni kubwa ya simu, una kampuni ya shughuli za migodini, halafu unakaa kwenye Bunge linalotunga sheria za kodi, madini na mawasiliano. Maslahi yakigongana unasimama upande gani?

Azimio la Arusha, 1967, lilishajibu: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Mwaka 1991 CCM wakaenda kulegeza masharti kule Zanzibar. Toka hapo pesa ikaingia kwa mlango wa mbele, mpaka tajiri akakabidhiwa uweka hazina wa chama kizima. Sasa nani ndani ya chama atamuuliza anayetunza mfuko?

Ndio maana ule wimbo wa kujivua gamba haukuwa na meno. Ilikuwa kauli ya jukwaani, sio sheria. Gamba limetoka, nyoka yuleyule kabaki.

Na mkulima wa pamba wa Igunga alipata nini? Daraja la Mbutu ndio kwanza lilinadiwa kwenye kampeni za uchaguzi mdogo wa Oktoba 2, 2011! Miaka yote ya mbunge bilionea, daraja lilikuwa bado ni ahadi.

Lakini na sisi tujiseme. Chadema tulikosa kile kiti kwa kura zisizofika 4,000, na wengi waliojiandikisha hawakwenda kupiga kura. Vijana wenzangu, kadi ya kura haipigi kura ikiwa kabatini.

Kikwete mwenyewe, alipokuwa Rais, aliahidi kutenganisha biashara na uongozi. Hatusubiri ahadi. Mjadala wa Katiba ukifika wilayani kwako, nyanyuka useme: Katiba Mpya imlazimishe kiongozi achague, duka au ofisi ya umma. Na mali zake wananchi wazione, zisifichwe kwenye mafaili.

Wewe usiposema, atasema mwenye hisa.

Aluta continua!