Mpeketoni: nusu ya hotuba tuliyoisahau

Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 watu wenye silaha waliingia Mpeketoni, Lamu. Wakaua, wakachoma nyumba na hoteli, na usiku wa pili wakapiga kijiji cha jirani. Walikufa watu zaidi ya 60. Al-Shabaab wakasema ni wao. Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 17, akasema hapana, ni mitandao ya kisiasa ya hapohapo.

Basi, kila mtu akashika upande wake. Jubilee wakaitolea macho CORD ya Raila Odinga. CORD nao wakasema serikali imeshindwa kulinda raia, sasa inatafuta wa kumbebesha lawama.

Mabishano yakavuka bahari mpaka huku kwetu Jalan Bani Bu Hassan. Barazani baada ya Isha, ami yangu Jubilee mtupu, mjomba yangu CORD. Wallahi, hakuna hata mmoja mwenye kadi ya kura ya Kenya! Sisi vijana kazi yetu kumimina kahawa tu na kusikiliza.

Sasa wenzangu, angalieni. Katika hotuba ileile Rais alisema pia kwamba taarifa za kijasusi zilikuwepo, maofisa wa usalama wa Lamu walikuwa nazo, na hawakuchukua hatua inayotakiwa. Akatangaza kuwasimamisha kazi. Yaani serikali yenyewe ilikiri kuwa onyo lilifika. Lakini nani aliijadili nusu hiyo? Wote tulibaki na ile ya kwanza, kwa sababu ndiyo yenye timu mbili.

Na gharama ililipwa na nani? Julai serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku Lamu nzima. Mvuvi wa pale riziki yake iko usiku. Yeye hakupewa taarifa yoyote ya kijasusi, ila nyavu zilizokaa kavu ni zake.

Kuiuliza serikali si kuipigia kampeni CORD, na kuipenda Jubilee si sababu ya kunyamaza. Mazungumzo haya yakirudi nyumbani kwenu, ulizeni kwa adabu: "Ami, kuniradhi, waliojua walijua lini? Na walifanya nini?" Tena msikubali kujibiwa jina la chama.