Kabati chakavu la mninga bado ni mtaji Tarime na Serengeti

WAKAZI wengi wa wilaya za Tarime na Serengeti wanaokarabati nyumba huanza na bati, sakafu na rangi za kuta. Jiko hufika mwisho, na likifika, kabati la zamani la vyombo ndilo la kwanza kutolewa nje. Huishia uani likitagiwa na kuku, au hupasuliwa kuni. Mahali pake huwekwa jipya lililonunuliwa kwa fedha za mahindi, za kahawa au za ndama aliyeuzwa mnadani.

Mara nyingi uamuzi huo ni hasara. Kabati lililotengenezwa kwa mninga, mvule au mkangazi miaka 20 au 30 iliyopita huwa limechakaa juu tu. Vanishi imebabuka, moshi umelitia weusi, bawaba zimelegea na droo hazifungi sawasawa. Mbao yenyewe bado ni nzima.

Kulisafisha, kulipiga msasa na kulipaka vanishi upya ni kazi ya siku chache. Hata hivyo, wamiliki wengi hawaifikirii kazi hiyo, na mafundi wengi hawaitangazi. Matokeo yake ni kwamba fedha za mavuno hutoka wilayani kwenda kununua kitu ambacho tayari kipo nyumbani.

Mabadiliko ya jiko

Suala hili lina uzito zaidi sasa kwa sababu majiko yenyewe yanabadilika. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Familia inayoacha kuni na mkaa na kununua jiko la gesi huweza kuhamishia mapishi kutoka banda la nje hadi ndani ya nyumba. Hapo kabati lililokaa na moshi kwa miaka mingi huonekana halifai tena. Wamiliki wa migahawa na nyumba za wageni mjini Mugumu na Tarime nao hukutana na uamuzi huo huo, kwa kuwa mteja akiona jiko chafu huenda kwa jirani.

Lakini masizi na mafuta ya kupikia hukaa zaidi juu ya vanishi kuliko ndani ya mbao. Vanishi hiyo ikiondolewa, uchafu mwingi huondoka nayo. Aidha, mwenye jiko la gesi ana faida ya ziada: kabati likipakwa upya halitashambuliwa tena na moshi kama zamani, hivyo kazi ya fundi hudumu zaidi.

Mbao zinatoka mbali

Sababu ya pili ni mbao zenyewe. Mninga hauoti misituni mwa Tarime wala Serengeti kwa biashara. Hutoka kwenye misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora na Katavi, mamia ya kilomita kutoka Mara. Mbao za msonobari za Sao Hill, Mufindi, husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kabla ya kushushwa Sirari. Kila kilomita huongeza bei kwa mnunuzi wa mwisho.

Mbao halali, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, huvunwa kwa kibali, hulipiwa mrabaha wa Serikali na husafirishwa kwa hati maalumu. Zile zinazouzwa kwa bei ya kutupa mara nyingi zimekwepa taratibu hizo, na anayekamatwa nazo anaweza kupoteza mbao na fedha.

Mninga pia haukui haraka kama mkaratusi. Mti huo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao nzuri. Mkutano wa nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, uliingiza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika katika orodha ya pili ya mkataba huo. Utekelezaji ulianza Februari 2023. Hatua hiyo haizuii kuuza mbao hizo ndani ya nchi, lakini inadai kibali maalumu zinapovuka mpaka, na ni ishara kuwa miti hiyo si ya kuchezea.

Wilaya ya Tarime inapakana na Kenya, na soko la upande wa pili nalo lina nguvu zake. Februari 2018 Kenya ilisimamisha uvunaji katika misitu yake ya umma, na ilikuwa Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuondoa katazo hilo. Katika miaka hiyo wafanyabiashara wa Kenya walitafuta zaidi mbao katika nchi jirani, Tanzania ikiwamo. Mnunuzi wa mbao wa Sirari hashindani na jirani yake tu.

Kwa hali hiyo, mwenye kabati la mninga uani ana bidhaa ambayo kuipata upya ni ghali na kunazidi kuwa kugumu.

Hesabu ya kabati moja

Tuchukue mfano wa kabati la jikoni la milango minne, lenye urefu wa mita mbili. Tarakimu zinazofuata ni za mfano tu. Kila msomaji aweke bei za duka na fundi wa mji wake, kisha afuate njia hiyo hiyo.

Kulifanya upya: msasa na gundi Sh20,000, sila, vanishi na tina Sh85,000, bawaba na vishikizo vipya Sh35,000, ufundi wa siku nne kwa Sh25,000 kila siku, Sh100,000. Jumla ni Sh240,000.

Kununua jipya la chipbodi au MDF, yaani mabamba ya vipande au unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi: Sh450,000. Kununua jipya la mbao ngumu: Sh900,000.

Bei peke yake haitoshi kutoa uamuzi. Mkulima anayenunua jembe hujiuliza litalima misimu mingapi, na kabati lihesabiwe hivyo hivyo. Chipbodi ikiingia maji kwenye kingo huvimba, na skrubu zikishatoka hazishiki tena. Kama kabati hilo litadumu miaka sita karibu na sinki, gharama yake ni Sh75,000 kwa mwaka. Kabati la zamani lililofanywa upya likikaa miaka minane kabla ya kuhitaji vanishi nyingine, gharama ni Sh30,000 kwa mwaka.

Hata fundi akikosea na kazi ikadumu miaka minne tu, gharama ni Sh60,000 kwa mwaka, bado chini ya chipbodi. Zaidi ya hapo, baada ya miaka hiyo mbao inabaki na inaweza kupigwa msasa tena, wakati chipbodi iliyovimba haina matengenezo.

Kabati jipya la mbao ngumu si kitu kibaya, kwani linaweza kudumu miaka 30 na zaidi. Tatizo ni kwamba linadai Sh900,000 kwa mkupuo. Tofauti kati ya fedha hizo na Sh240,000 ni Sh660,000, ambazo kwa mkulima zinaweza kuwa mbolea na mbegu za msimu ujao, na kwa mwenye duka zinaweza kuwa bidhaa za kuuza.

Jambo jingine ni fedha hizo zinakwenda wapi. Katika mfano huu, Sh100,000 kati ya Sh240,000, sawa na karibu asilimia 42, ni ujira wa fundi wa mjini hapo hapo, ambaye atanunua unga na nyama sokoni Tarime au Mugumu. Sehemu kubwa ya bei ya kabati la mabamba huwalipa watengenezaji na wasafirishaji walio nje ya mkoa.

Si kila kabati linafaa

Pamoja na faida hizo, yapo makabati yasiyostahili gharama. Kabla ya kumwita fundi, mmiliki atoe droo na kutazama chini na nyuma yake, mahali ambapo hapakupakwa rangi. Mbao halisi huonyesha mistari yake hadi kwenye ncha zilizokatwa. Chipbodi huonyesha vipande vilivyoshikana, na mbao ya tabaka huonyesha ganda jembamba juu ya kitu kingine. Ganda hilo likipigwa msasa kwa nguvu hutoboka.

Vitundu vidogo vinavyotoa unga mpya ni dalili ya dumuzi waliomo ndani bado. Mbao inayotoa sauti ya uwazi inapogongwa huenda imeliwa na mchwa. Miguu na ubao wa chini hushambuliwa kwanza kwa sababu ya maji ya kudekia. Sehemu hizo zikiwa ndizo mbovu pekee, zinaweza kukatwa na kuwekwa mbao nyingine.

Hapo ndipo mkulima wa milimani Tarime mwenye migrevilea kwenye mipaka ya shamba au kati ya kahawa ana nafasi. Mbao ya mgrevilea inafaa kwa ubao wa chini, rafu na migongo ya kabati, mradi ikaushwe vizuri kwa miezi kadhaa kivulini, ikiwa imepangwa kwa vijiti vya kupitisha hewa. Mbao mbichi hupinda na kufungua viungo.

Kanuni rahisi ni hii: gharama ya kulifanya upya, pamoja na kubadilisha sehemu mbovu, ikizidi nusu ya bei ya kabati jipya la mbao za aina hiyo, mmiliki afikirie mara mbili.

Kazi isiyoonekana

Sababu kubwa ya watu kukata tamaa na kabati lililofanywa upya ni vanishi kubabuka baada ya miezi michache. Chanzo chake mara nyingi ni vanishi kupakwa juu ya mafuta, si ubora wa vanishi.

Kazi sahihi huanza kwa kufungua milango na kuiwekea namba, kisha kuosha kabati lote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kutoa mafuta. Likikauka, hupigwa msasa mkali wa namba 80 au 100 kuondoa vanishi ya zamani, halafu namba 120, halafu 220, kwa kufuata mistari ya mbao. Nyufa huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao hiyo hiyo. Ndipo hupakwa sila, husuguliwa kidogo, na kumaliziwa kwa mikono miwili au mitatu myembamba ya vanishi inayostahimili maji, kila mmoja ukiachwa ukauke.

Tatizo ni kwamba vanishi ikishapakwa, mteja hawezi kuona kama kuosha na msasa vilifanyika. Fundi mwaminifu na fundi mlipuaji hukabidhi makabati yanayong'aa sawa siku ya kwanza. Mteja asiyeweza kuwatofautisha huchagua wa bei ya chini, na fundi mwaminifu hukosa kazi. Soko la namna hiyo hujiharibu lenyewe.

Dawa yake ni kulipa kwa hatua. Fedha za vifaa zitolewe mwanzo kwa risiti. Sehemu ya ujira ilipwe baada ya mmiliki kukagua mbao iliyopigwa msasa, kabla ya sila. Ukaguzi hauhitaji utaalamu: matone ya maji yakidondoshwa juu ya mbao safi hufyonzwa, lakini yakijikusanya kama juu ya jani la gimbi, bado kuna mafuta au vanishi. Salio lilipwe wiki moja baada ya kabati kurudi jikoni.

Tahadhari nazo zisipuuzwe. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo kabati lililopakwa rangi lisuguliwe nje kwa msasa wa maji, mbali na watoto na chakula. Tina hushika moto haraka, kwa hiyo haifai kufunguliwa karibu na jiko linalowaka.

Nafasi kwa vijana

Kwa maseremala vijana, kazi hii haihitaji mtaji wa kununua mbao. Msasa, brashi na mashine ndogo ya kusugulia vinatosha kuanza. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi chenye mpango unaoeleweka kinaweza kuomba vifaa kupitia utaratibu huo.

Msimu nao unasaidia. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua chache, vanishi hukauka vizuri, na ndiyo miezi ambayo wakulima wengi wana fedha za mavuno. Mgahawa usioweza kufunga jiko unaweza kufanyiwa kazi nusu nusu, milango ya upande mmoja kwanza, kisha ya upande wa pili.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kuuza ndama kwa ajili ya kabati jipya, mwenye nyumba wa Tarime au Serengeti aende kwanza uani na kipande cha msasa, asugue kona moja ya lile la zamani na kuangalia rangi ya mbao inayojitokeza. Ikitokea nyekundu ya mninga, ana sababu ya kumwita fundi kabla hajaenda mnadani.