Sufuri si Mwongo

Muhula uliopita niliombwa na rafiki yangu, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi, nimtafsirie somo fupi kuhusu zile thamani mbili za mantiki zitumikazo katika lugha za programu. Niliandika 'kweli' na 'uongo' bila kusita. Leo naona nilikosea, na nashuku kwamba wengi wetu tunaojiita wafasiri tungekosea vivyo hivyo.

Thamani hizi hupewa jina la George Boole, Mwingereza aliyefundisha hisabati mjini Cork, Ayalandi, na ambaye mwaka 1854 alichapisha kitabu kilichoonyesha kuwa hoja za mantiki zaweza kukokotolewa kwa 0 na 1. Biti moja ingetosha kulihifadhi jibu la namna hiyo. Lakini kumbukumbu ya tarakilishi kwa kawaida hugawanywa katika baiti zenye biti 8, na baiti ndiyo sehemu ndogo kabisa yenye anwani yake. Kwa hivyo jibu la neno moja hupewa nyumba ya vyumba vinane, saba vikikaa vitupu.

Hapo ndipo matata huanzia. Baiti yaweza kubeba nambari yoyote kuanzia 0 hadi 255. Ipi ndiyo kweli? Katika lugha ya C, 0 pekee huhesabiwa kuwa si kweli, na nambari nyingine zote ni kweli. Visual Basic ikigeuza kweli kuwa nambari hutoa -1, kwani hiyo ndiyo 0 iliyopinduliwa biti zake zote. Katika Python, tangu toleo la mwaka 2003, kweli ukiijumlisha na kweli hupata 2 (jambo ambalo washairi wetu wangelipenda). Java nayo hukataa katakata ugeuzaji huo.

Kisa cha C kinafunza zaidi. Kabla ya kiwango cha mwaka 1999, lugha hiyo haikuwa na aina maalumu ya thamani hizi, na baadhi ya waandishi wa programu walijiundia yao kwa baiti moja. Ukiitia 256 humo, hubaki biti 8 za chini tu, nazo zote ni 0: kilichokuwa kweli hugeuka bila onyo. Aina iliyoletwa mwaka 1999 haikati. Huuliza kwanza iwapo nambari hiyo ni 0. Isipokuwa 0, huandika 1.

Nami nilikata pasipo kuuliza. Uongo kwa Mswahili una msemaji, tena una nia. Programu ikiulizwa kama mlango umefungwa, nayo ikajibu 0, hakuna aliyedanganya; mlango u wazi, basi. Lugha yetu ina jozi iliyo karibu zaidi: 'ndivyo' na 'sivyo'. Humo ndi- na si- hupishana mbele ya kiambishi kilekile, kama 1 na 0 zinavyopishana katika biti moja.

Mwenzangu mmoja amenipinga kuwa 'kweli' na 'uongo' yamekwisha kuzoeleka. Hoja hiyo ina uzito katika karatasi za mtihani, ambamo sentensi ina mtungaji. Katika kumbukumbu ya mashine sioni mtungaji. Somo nimelirudisha likiwa na 'ndivyo' na 'sivyo'. Rafiki yangu asema wanafunzi anaowasaidia walicheka kwanza, kisha wakaacha kumuuliza ni nani aliyesema uongo.