Mlisho si wa Ng'ombe

Mwaka jana nilikosa nafasi ya field niliyokuwa naitaka sana. Tangazo lilikuwepo. Lilitumwa kwenye kundi letu la WhatsApp Ijumaa usiku, likafunikwa na ubishi wa Simba na Yanga, na nilipokuja kulifukua Jumatatu muda wa kuomba ulishapita. Wakati ule nililaumu kila mtu. Siku hizi nalaumu njia tunayotumia kupeana habari.

Jamani, dawa ipo, tena ya siku nyingi. Inaitwa RSS, na wanaotafsiri huiita mlisho. Nilipomtajia mama anayetuuzia chai na chapati hapa Usa River, alicheka: "Mlisho? Wa ng'ombe, mwanangu?"

"Hapana, mama. Kwani maziwa ya chai unayapataje?"

"Kuna kijana. Anapita kwa wafugaji niliomwelekeza, asubuhi ananiletea hapa."

Basi ndivyo ilivyo. Tovuti yenye mlisho ni kama mfugaji anayeweka dumu mlangoni kila akikamua. Ndani ya dumu kuna kichwa cha habari, tarehe, muhtasari na kiungo. Programu ya kusomea, kama Feedly au Inoreader, ndiyo yule kijana: inapita kwa wale uliowachagua tu na kukuletea kilicho kipya. Unabandika anwani ya tovuti mara moja, basi. Huhangaiki kufungua tovuti kumi kila siku, na kwa kuwa kinachokuja mara nyingi ni maandishi, bando haliumii.

Kinachonifurahisha zaidi ni uhuru. Facebook inakuamulia uone nini kwanza. Kijana wa maziwa hakuletei soda eti kwa sababu jirani kanunua soda. Wala mfugaji hahitaji namba yako ya simu, na siku ukimchoka unamwambia kijana asipite kwake tena. Yameisha.

Teknolojia hii ilianzia Netscape mwaka 1999. Toleo la 1.0 lilipotoka mwaka 2000, mmoja wa walioliandika, Aaron Swartz, alikuwa na miaka 14. Google walipofunga Google Reader Julai 2013, wengi walidhani ndiyo mwisho wake. Wapi! Podikasti nyingi unazosikiliza husambazwa kwa njia hiyo hiyo, na BBC Swahili wana mlisho wao.

Ila tusidanganyane: kijana hawezi kuleta maziwa ambayo hayajakamuliwa. Ofisi ikipiga picha karatasi na kuirusha kwenye kundi, hakuna mlisho utakaoikamata. Ndiyo maana hoja yangu naielekeza kwa serikali yetu ya wanafunzi. Kila tangazo lenye tarehe ya mwisho, liwe la field, mkopo au mitihani, liwekwe kwanza kwenye ukurasa mmoja wenye mlisho. Baada ya hapo lirushwe kwenye makundi, na ubao wa matangazo ubaki kwa wasio na simu janja. Programu nyingi za kuendeshea tovuti, WordPress ikiwemo, hutengeneza mlisho zenyewe, kwa hiyo tusiambiwe bajeti hakuna.

Tukifika hapo, atakayekosa tangazo ajilaumu mwenyewe, mimi nikiwemo.